Mswaki wa twiga na dawa ya stroberi: miezi tisa kwenye meno ya binti yangu

Nianze na hukumu: mswaki nimeupenda, dawa ya meno iliyokuja nao siinunui tena.

Nilivinunua kwenye pakiti moja, duka la vipodozi karibu na soko kuu hapa Mtwara mjini, shilingi 8,500. Binti yangu alikuwa na miaka mitano na nusu. Kabla ya hapo alikuwa anatumia mswaki wa watu wazima, ambao ukishaingia kwenye kile kinywa haugeuki tena. Huu kichwa chake ni kidogo kama ukucha wa kidole gumba changu, nywele ni laini, na mpini mnene wenye picha ya twiga haumtelezi. Siku ya kwanza aliupeleka hadi kitandani.

Kasoro yake ni kile kifuniko cha plastiki. Kwa joto na unyevunyevu wa huku pwani, ukifunika mswaki mbichi asubuhi, jioni unanuka. Nikakitupa, sasa unasimama wima kwenye kikombe na kukauka wenyewe. Nywele zilianza kutawanyika baada ya miezi mitatu hivi, nikanunua mwingine. Hilo silihesabu kosa, mswaki wowote ndivyo ulivyo.

Sasa dawa. Ya waridi, tamu, inanukia stroberi. Mtoto alikuwa haswaki, analamba. Mama yangu akamwangalia asubuhi moja akauliza, "Mjukuu wangu, hiyo dawa au jamu?" Mimi nikacheka, nikaona bora anaipenda.

Mwezi wa tisa nikaona jino jipya limechomoza nyuma ya jino la mbele la chini, na la utoto bado limekaa palepale. Safu mbili! Nikambeba bodaboda mpaka kliniki ya meno nikijua anang'olewa. Daktari akaligusa lile la utoto, likacheza. "Mama, hili linatoka lenyewe. Mwache alitikise kwa ulimi na kwa kidole kisafi. Lingekuwa limekaza, hapo tungeongea mengine." Kisha akaniita nichungulie nyuma kabisa ya kinywa. Kulikuwa na gego limeota kila upande, na hakuna jino lililong'oka kulipisha. Mimi nilidhani ni ya utoto. Kumbe meno ya utoto ni 20 tu, na haya magego ya karibu miaka sita huota nyuma yake, ni ya kudumu, ndiyo atakayozeeka nayo. Moja tayari lilikuwa na doa la kahawia kwenye mfereji wake.

Akaniuliza tunatumia dawa gani. Ilikuwa kwenye mkoba (ananisumbua kuibeba kila mahali). Akageuza tyubu, akasoma, akanirudishia. Haina floraidi hata kidogo, yaani ile madini inayokinga meno yasioze. Imeandikwa nyuma kwa herufi za sisimizi, mbele wameweka stroberi kubwa.

Nikamwambia daktari kwamba jirani yangu aliyekulia Arusha alinitisha kuhusu floraidi, kwamba inafanya meno kuwa ya kahawia. Daktari akasema kule shida ni maji yenyewe, yana floraidi nyingi na mtoto anayanywa miaka yote meno yakijengeka. Dawa ya meno inatemwa. Kwa umri wake nitafute yenye floraidi ya ppm 1000 (sehemu 1000 kwa kila milioni, huandikwa kwenye tyubu) au zaidi, niweke kiasi cha punje ya njegere, ateme bila kusukutua kwa maji mengi, asubuhi na usiku kabla ya kulala. Na mswaki nimalizie mimi, mpaka afike miaka saba au minane. Mikono yao haifiki kwenye magego. Hapo nilijisikia vibaya, maana nilikuwa nampa tu na kwenda kupika. Kuhusu kashata na ubuyu wa kila akitoka madrasa, hakuongea sana, aliniangalia tu.

Dawa mpya nimeipata duka la dawa, shilingi 4,000, ni mnanaa. Wiki ya kwanza alilia kwamba inawasha. Wiki ya pili alizoea.

Na lile jino? Bibi yake alitaka kufunga uzi mlangoni, nikamkatalia. Mwezi wa kumi, korosho zimeanza kudondoka, mtoto akauma bibo bivu uani, jino likabaki kwenye bibo. Alilia kidogo kuona damu, kisha akacheka na pengo lake. Bibi akamfundisha kulirusha juu ya bati na kumwambia panya achukue hili kuukuu alete jipya. Lilidunda likarudi chini, tukalitafuta mchangani kwa tochi ya simu, mara ya pili likakaa. Jipya lilikuwa limeshafika zamani, lakini hilo hatukumwambia bibi.

Juzi jino la pembeni yake limeanza kucheza, na mabibo yameisha.