Mashine ya kupima maji naipenda, fundi wao simtaki tena

Na mashine yenyewe sina ugomvi. Ni hii ya mtiririko: inavuta sampuli kwa pampu, inazikata kwa viputo vya hewa ili moja isichanganyike na nyengine, na ndiyo inayotupa nitrati, fosfati na silika, yaani virutubisho, za maji ya bahari ya Chwaka na Paje kwa mkupuo mmoja. Kazi hiyo kwa mkono ingetukesha. Hasira zangu ni kwa huduma ya wakala wake, na khasa fundi waliyetuletea kutoka Dar baada ya masika.

Mstari wa chini kwenye skrini, unaotakiwa utulie, ulianza kutetemeka na kupanda wenyewe. Sampuli ile ile ukiirudia, kilele kinachochorwa, ambacho ndicho kipimo chake, kinatoka chengine. Wengi wetu hapo hushuku kadmiamu, metali iliyomo ndani ya mashine, maana ndiyo inayogeuza nitrati kuwa nitriti kabla rangi ya pinki haijatoka, na ikiingia hewa huchoka. Basi nikapitisha stendadi, yaani maji ambayo kiwango chake tunakijua, ya nitriti na ya nitrati za kiwango kimoja. Kadmiamu ingekuwa imechoka, nitrati ingetoka fupi. Zilitoka karibu sawa, zote zinatetemeka. Nikamulika koili za kioo kwa tochi ya simu: viputo viwili vimebanana, pengo, halafu kimoja kirefu. Na mirija ya pampu, pale rola zinapopita, imekuwa bapa. Mipya tulishaagiza zamani kwa hao hao.

Yote haya nilimweleza fundi. Koili hakuzitazama hata mara moja. Alifungua ditekta, kile kifaa kinachosoma rangi, akapiga picha, akasema joto na chumvi ya Zanzibar vimeiua, inunuliwe mpya. Nikamwambia, "Kaka, hebu tazama viputo kwanza." Akajibu bila kuinua uso: "Dada, hii mashine ina wataalamu wake. Wewe lete sampuli."

Mbele ya wanafunzi wa fildi! Mimi ndiye ninayeiwasha asubuhi, ninayeisafisha kwa maji safi kabla ya kuondoka, ninayelegeza pampu jioni ili mirija isibanwe usiku kucha. Sampuli za Chwaka zinangoja kwenye friza, na umeme wetu mnaujua.

Lililoniuma zaidi lilikuja mwisho. Anakimbilia boti ya jioni, mlangoni akatoa pakiti begini: "Huu mzigo wenu, saini hapa." Mirija! Muda wote alioketi kutuhukumia ditekta, mirija anayo begini.

Alipoondoka, mimi na mzee wetu wa maabara tukaivika. Tukapitisha maji yenye sabuni yake, tukasubiri. Viputo vikaanza kupangana, urefu mmoja, ncha zimeviringana vizuri, na mstari ukatulia. Kwa ditekta ile ile aliyosema imekufa.

Nilitaka kutoa nyota nne kwa mashine na sifuri kwa huduma. Lakini kila nikifikiri naona haigawiki hivyo. Mirija huchakaa kwa kazi, hata uitunze vipi, na bila mirija mashine hii ni kabati tu la bei kubwa. Ikiwa wa kukuletea ni hao hao, na wanakuja nayo wanaificha begini, basi umenunua na dharau yao. Kwa hiyo nasema msinunue.

Ila wallahi, wiki hii tumemaliza friza nzima, vilele vimenyooka, na siwezi kumdanganya mwenzangu wa maabara kwamba kuna njia bora ya kupima maji ya bahari mengi kwa mpigo. Nunueni, lakini mkataba uandikwe kwamba mirija ya mwaka mzima inakuja pamoja na mashine, na kwamba fundi hadai kifaa kipya kabla hajakaa na anayeiendesha wakatazama viputo pamoja. Sie ankara ya safari ile imeletwa, na ditekta mpya imo ndani yake. Nimekataa kuipitisha, na barua ya malalamiko imeshakwenda kwa mkubwa wake.