Mbao za kukarabati ukumbi wa zamani: mkongo, mninga, paina na boriti zikipimwa kwa hewa ya pwani

Anayekarabati ukumbi wa mbao wa enzi za ukoloni huku Mtwara au Lindi, ule wenye baraza pembeni na paa la bati lililoinama sana, huanza kumwaga pesa juu: dari mpya, milango ya mninga, vanishi inayong'aa. Lakini ukumbi wa mbao hauanzi kuozea darini. Unaanza kwenye nyayo za nguzo na kwenye mbao iliyolala juu ya msingi, pale maji ya bati yanaporudi kurukia ukuta. Kwa hiyo hukumu yetu ni hii: mkongo chini, paina ya dawa juu, mninga mlangoni, na boriti za mikoko pale tu palipokuwa na boriti.

Mkongo (Wazanzibari na Wakenya huuita mbambakofi) ndio tunaoupa alama za juu, kwa sharti moja. Kinachomshinda mchwa ni kiini chake chekundu cha kahawia. Ule ukingo mweupe wa nje huliwa kama mbao nyingine yoyote, na wauzaji huuacha ili ubao upate upana. Ukatae, au ukubali kuukata na ulipie upana unaobaki. Ni mti mgumu: usipotoboa kwanza, ubao utapasuka au skrubu itakatika shingo. Kwa skrubu ya milimita 5, tundu la milimita 3.5 linatosha. Msumari mtupu wa chuma ukikutana na unyevu ndani ya mkongo huacha doa jeusi, na hewa ya chumvi huumaliza msumari wenyewe. Tumia uliopakwa zinki.

Nguzo iliyooza chini haihitaji kutupwa yote. Chomeka patasi kuanzia chini hadi ifike mahali inapokataa kuzama, kisha panda sentimita 30 zaidi ndipo ukate. Kipande kipya kiungwe kwa mshazari, urefu wa kiungo usipungue mara tatu ya unene wa nguzo, kikazwe kwa bolti mbili za milimita 12 zenye washa pana. Kabla ya kukata, tegemeza paa kwa miti ya muda pande zote mbili. Mguu ukae juu ya kitako cha zege kilichoinuka sentimita 15 hadi 20 kutoka ardhini, juu ya kiatu cha chuma au karatasi ya kuzuia unyevu. Kosa tunaloliona mara nyingi ni kuizamisha nguzo ndani ya zege likiwa bado bichi. Zege hilo hugeuka kikombe: maji huingia kando ya mbao na hayana pa kutokea.

Paina inayoletwa na malori kutoka Mufindi, mkoani Iringa, ni nyepesi, imenyooka, na kwa kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa) haina mpinzani kwa bei. Tatizo ni neno "dawa". Nyingine imepitishwa kwenye mtambo wa shinikizo, nyingine imepakwa rangi ya kijani kwa brashi kando ya barabara. Mwombe muuzaji akate ncha: kijani kiwe kimeingia ndani, si utando wa juu tu. Kila unapokata upya, paka dawa kwenye ncha hiyo, maana umefungua mlango. Na vipande vinavyobaki visiende kwenye jiko la mama lishe: dawa nyingi za kijani zina aseniki, na moshi wake ni sumu. Mbao mbichi zipange kwenye kivuli, vijiti vya inchi moja katikati ya kila safu, la sivyo zitajikunja zikishapigiliwa.

Kwenye kenchi zenyewe, jihadharini na fundi anayekata mbao ya chini ili jukwaa au spika zipate kimo. Mbao hiyo ndiyo inayozuia kuta zisitanuke. Ikikatwa, paa husukuma kuta nje. Dalili za kwanza ni milango kukwama na mgongo wa paa kubonyea. Nguzo fupi ya katikati ya kenchi nayo haijasimama kubeba paa, inaning'iniza ile mbao ya chini, kwa hiyo kiungo cha mguuni pake kinataka mkanda wa chuma, si misumari miwili. Pia funga kila kenchi kwenye nguzo kwa mkanda wa chuma. Kimbunga cha Aprili 1952 kiliipiga Lindi, na upepo wa namna ile huanza kwa kulinyanyua paa, hausukumi kuta peke yake.

Mninga ni mzuri kwa milango na madirisha: unapigwa randa bila kukasirika na hausogei sana masika na kiangazi. Kwa sakafu ya ngoma na viti vya kuburuzwa, chagua mkongo. Vumbi la miti yote miwili huwasha pua, vaa barakoa. Mvule nao hudumu, ila ndani hujificha vijiwe vya chokaa vinavyoharibu meno ya msumeno. Mnazi ukiutaka kwa baraza, kumbuka ugumu wake uko nje na katikati ni laini, kinyume cha miti hiyo mingine.

Boriti za mikoko huuzwa kwa unene: fito chini ya sentimita 4, pau hadi 7.5, mazio hadi 11.5, boriti hadi karibu 14, na nguzo juu ya hapo. Urefu wa boriti ndio uliopangia vyumba vya zamani vya mawe upana wa mita mbili na nusu hadi tatu, na magofu ya Kilwa Kisiwani yanaonyesha vyumba hivyo vyembamba. Msitegemee zivuke ukumbi wa mita sita. Kukata mikoko bila kibali ni kosa.

Oili chafu ya magari tunaipa sifuri. Inaziba sura ya mbao, inanuka, inazuia rangi isishike, na mchwa hupita chini yake.

Vigingi vya mpingo ni vizuri kwa viungo vya milango. Vijiji vya Kikole na Kisangi, Kilwa, vilipata cheti cha FSC, cha kimataifa cha misitu inayotunzwa vizuri, mwaka 2009, hivyo mpingo halali upo. Kwa mti wowote wa asili, dai stakabadhi na hati ya kusafirisha mazao ya misitu kabla lori halijashusha, kwa kuwa mzigo ukikamatwa njiani na TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), anayesubiri ukumbi ndiye anayekaa na nguzo zilizotegemezwa kwa miti ya muda.