Ricoh GR III ndani ya behewa: uzoefu wangu wa kupiga picha za abiria

Kamera hii nimeitumia zaidi kwenye treni za TAZARA (reli ya Tanzania na Zambia) na Reli ya Kati, na kidogo kwenye SGR ya umeme, reli mpya ya Tanzania. Sifa yake ya kwanza kwangu ni kwamba haimtishi abiria. Ina gramu 257 pamoja na betri na kadi, na ukiizima lenzi hurudi ndani, hivyo inakaa vizuri kwenye mfuko wa shati. Daraja la tatu watu hukaa wakitazamana, magoti karibu yagusane. Ukitoa kamera kubwa hapo, mazungumzo hukatika na kila mtu hukaa kama yuko studio. Hii hawaijali sana.

Sifa ya pili ni fokasi ya umbali uliopangwa, ambayo kwenye menyu inaitwa Snap. Badala ya kamera kuhangaika kutafuta uso huku behewa likiyumba, unaiambia mapema umbali, kwa mfano mita 1, 1.5, 2, 2.5 au 5. Mimi naiacha 1.5 na tundu la lenzi f/5.6 (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Kwa hesabu hiyo kila kitu kati ya mita 1 na mita 3 hivi kinatoka kikiwa kikali, yaani jirani wa mbele na waliokaa nyuma yake. Ukifungua hadi f/2.8 eneo hilo linabaki kama mita 1.2 hadi 2, na mtu akiinama tu umempoteza. Kwa hiyo usiku, taa zikiwa hafifu, ni bora kupandisha ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) kuliko kufungua tundu.

Mpangilio wangu: Av (mimi nachagua tundu, kamera inachagua kasi), f/5.6, ISO ya otomatiki isiyozidi 6400, kasi ya shata (muda ambao mwanga unaingia) isiyopungua 1/250 ya sekunde. Kuna kiimarishi cha picha ndani, lakini hicho hutuliza mkono wako tu. Abiria anayetikiswa na reli hakimsaidii, ndiyo maana sishuki chini ya 1/250 kukiwa na mwanga.

Kazi ngumu kuliko zote ni dirisha. Nje jua kali, ndani kivuli, na uso mweusi uko katikati. Kamera ikipima wastani, anga linashinda na uso unageuka kivuli kisicho na macho. Wengi huongeza mwanga kwa kirekebishi, +0.7 au +1, na uso unarudi lakini dirisha linaungua jeupe. Dawa ninayoiamini ni kusogea wewe. Kaa upande wa dirisha lile lile alipo mtu wako, mgongo wako ukielekea ukuta wa nje, ili mwanga umwingie shavuni na nyuma yake kuwe na behewa badala ya anga. Hapo ngozi inaonekana na rangi zake zote, na kirekebishi kinabaki sifuri. Piga RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalichakata; faili ni DNG, na vivuli vyake vinainuliwa bila shida. Kilichoungua hakirudi.

Upande wa behewa nao una maana. Huku kwetu, kusini mwa Ikweta, mwezi wa 6 na wa 7 jua la mchana liko kaskazini. Treni ikielekea magharibi, kushoto ndiko kwenye kivuli na mwanga laini. Mwezi wa 12 mambo yanageuka.

Kwenye vituo, akina mama wakija na ndizi na karanga chini ya dirisha, lenzi hii yenye mtazamo mpana wa milimita 28 huvuta na kurefusha nyuso zilizo pembeni mwa fremu. Weka uso katikati, au tumia mkato wa milimita 35 (kamera inakata kingo za picha), ambao bado unakupa megapikseli 15. Wale wako kazini na treni inasimama dakika chache, kwa hiyo nunua kwanza. Usitoe mkono na kamera nje treni ikitembea, hasa kati ya Mlimba na Makambako kwenye mahandaki. Kamba ya kifundo cha mkono ni lazima.

Udhaifu mkubwa ni vumbi. Kamera haina kinga ya vumbi wala maji, na lenzi inayotoka na kurudi ni njia ya kuingilia. Ina mfumo wa kutikisa sensa (kipande kinachopokea picha), lakini hauwezi kufikia vumbi lililoingia katikati ya vioo vya lenzi. Madirisha yakiwa wazi, izime kila unapomaliza, futa mdomo wa lenzi kwa brashi kabla haujarudi ndani, na ihifadhi kwenye mfuko wa plastiki wenye zipu.

Betri ni picha 200 hivi. Safari ya usiku mmoja, beba tatu na pawa benki. Inachajiwa kwa USB-C.

Kwenye SGR madirisha hayafunguki. Gusisha ukingo wa lenzi karibu kabisa na kioo na uzungushie kitambaa cheusi, vinginevyo utapiga taa za ndani zinazoakisiwa kwenye kioo. Kwa kilomita 160 kwa saa, hata kwa 1/1000 treni husogea sentimita 4.4. Mti ulio mita 5 utavutika pikseli (nukta za picha) kama 40. Mlima ulio mita 200 na zaidi, pikseli moja tu. Kwa hiyo piga vya mbali. Taa za ndani hazileti michirizi, maana shata iko ndani ya lenzi na hufungua fremu nzima kwa pamoja.

Kuhusu watu: salamu kwanza. "Shikamoo mama, naomba nikupige picha" inatosha, na akikataa, kamera inarudi mfukoni. Mtoto, muombe mzazi. Madaraja na majengo ya reli, muulize kondakta. Kamera ina Wi-Fi, hivyo picha inaingia kwenye simu na unaweza kumtumia mwenyewe kwa WhatsApp kabla hajashuka.

Ukinunua iliyotumika, piga anga la bluu kwa f/16 na ukuze picha kwenye skrini. Ukiona madoa ya kijivu, washa kitikisa sensa na upige tena. Yakibaki palepale, usiichukue.