Opemus 6 ya Meopta: mashine ya kukuzia picha ya kizamani, na inavyokaa na umeme na unyevu wa Tanga

Nianze na hukumu, maana wengine mnasoma hapa mwenye mali amesimama pembeni anasubiri jibu. Mashine hii hutupa mwanga kupitia negativu na lenzi hadi kwenye karatasi ya picha iliyo ubaoni, gizani. Ukikuta Opemus 6 yenye nguzo iliyonyooka, kondensa (vile vioo vinavyokusanya mwanga juu ya negativu) zisizopasuka na holda yake ya negativu, inunue. Lenzi ikiwa mbovu, usihangaike. Waya ukiwa umekatika, ndiyo heri, kwa sababu utaubadilisha tu. Lakini holda ikikosekana, muage mwenye mali kwa adabu uondoke. Holda ya mashine za kampuni nyingine haikai humo, na hapa nyumbani sijaona mtu anayeuza yake.

Yangu nimeinunua kwa mzee mmoja wa Ngamiani, hapa Tanga, aliyekuwa na studio enzi za picha za pasipoti nyeusi na nyeupe. Laki mbili na nusu, pamoja na trei tatu za dawa, taa nyekundu na lenzi ya Belar ya milimita 75. Nilipoanza kukagua kwa uso wa mashaka akaniambia, "Mwanangu, mashine hii haina ugonjwa. Ina njaa ya kushughulikiwa." Alisema kweli, ingawa njaa yenyewe ilikuwa kubwa kuliko alivyonionyesha.

Mashine inatoka kiwanda cha Meopta, mji wa Přerov, katika iliyokuwa Chekoslovakia. Kampuni ilianza mwaka 1933 ikiitwa Optikotechna, jina la Meopta likaja 1946, na kwa miaka mingi ilikuwa miongoni mwa watengenezaji wakubwa wa mashine hizi duniani. Opemus 6 inapokea negativu hadi sentimita 6 kwa 6, yaani filamu ya 120 inayoingia kwenye kamera ya Yashica Mat na wenzake, pamoja na filamu ya kawaida ya milimita 35. Haina urembo wa mashine za Leitz wala ulaini wa zile za Durst. Ni chuma, bati na skrubu, na karibu kila skrubu fundi wa baiskeli anaweza kuifungua. Hiyo kwangu ndiyo sifa yake ya kwanza.

Sasa umeme, maana hapo ndipo mashine hizi zinapoonekana mbaya bure. Jambo la usalama kwanza. Yangu ilikuja na waya wa nyuzi mbili na plagi ya pini mbili, mwili mzima wa chuma, na mtumiaji wake ni mtu anayetoka kwenye trei za dawa mikono ikichuruzika. Usiiwashe ikiwa hivyo hata kwa kujaribu. Weka waya wa nyuzi tatu, ule wa ardhi ufungwe kwenye chuma cha kichwa, na plagi ya pini tatu yenye fyuzi ndogo ya ampea 3. Kama hujui kufunga, muite fundi umeme. Kazi ya dakika chache.

La pili ni volti. Balbu ya uzi ni nyeti kuliko watu wanavyodhani: volti zikishuka kwa asilimia 10, mwanga wake hupungua kwa karibu asilimia 30. Mtaani kwetu saa moja jioni, pasi na majiko ya umeme yakiwa kazini, mita ya fundi husoma 205 badala ya 230. Picha uliyoipa sekunde 12 saa sita usiku ikatoka safi, jioni kwa sekunde zilezile hutoka imepauka. Isitoshe, balbu iliyokosa nguvu hugeuka njano, na karatasi za Multigrade za Ilford, ambazo utofauti wake hupangwa kwa filta za rangi, husoma rangi ya mwanga. Njano ikizidi, utofauti wa weusi na weupe hulegea. Mtu analaumu dawa, analaumu karatasi, analaumu mashine ya Wacheki. Stebilaiza ndogo, zile zinazouzwa kwa ajili ya friji na televisheni, imelimaliza hilo.

Soketi ya balbu ni ya skrubu, E27, siyo ya pini. Balbu yake halali ni ya maziwa ya wapiga picha, mfano Photocrescenta ya Philips, ambayo kioo chake ni cheupe pande zote na hakina maandishi kichwani. Balbu ya kawaida ya dukani ina nembo imepigwa juu yake, na nembo hiyo huweza kutua kwenye picha kama doa la kivuli. Balbu hizo za maziwa sasa ni za kuwinda. Mimi nimehamia LED ya duara, plastiki nyeupe, wati 10, na sirudi nyuma. Haitikiswi sana na volti, na haina joto kali. Joto ni adui anayesahaulika: filamu ikipashwa hubinuka katikati ya kazi, ukiwa umeshaweka fokasi, ikatoka kwenye fokasi bila kukuaga. Ubaya wa LED ni kwamba namba za filta hazilingani tena na zile za karatasi ya maelekezo ya Ilford. Nyeupe ya baridi ina buluu nyingi, inakaza picha. Nyeupe ya joto inailegeza. Nyingine zikizimwa hubaki zinang'aa kidogo. Ifunge, izime gizani, uitazame. Ikiendelea kuwaka hata kidogo, irudishe jikoni.

Ukishabadilisha balbu, ipange. Juu ya kichwa kuna mrija unaoshika soketi, unapanda na kushuka, unakazwa kwa skrubu. Toa negativu, washa, tazama mwanga ubaoni. Pembe zikiwa na giza, au katikati pakiwa na mwanga mkali, pandisha au shusha mpaka ulingane. Ukibadili lenzi, rudia. Wengi wanaouza mashine hizi wakisema "lenzi yake haitoi pembe" ni mrija huu tu haujaguswa tangu studio ifungwe.

Kunyoosha mashine sasa. Kichwa cha Opemus hulala, kinaweza kuelekezwa ukutani kwa picha kubwa mno, na kiungo hicho ndicho kinachopinda kwanza. Vitu vitatu lazima viwe sambamba: pale negativu inapokaa, pale lenzi inapofungwa, na ubao wa chini. Nilitumia pima maji ndogo ya fundi seremala. Iweke ubaoni, kariri tone limekaa wapi; si lazima liwe katikati, ilimradi likae vilevile kwenye sehemu zile mbili nyingine, kwa urefu na kwa upana. Halafu usiiamini pima maji peke yake. Chukua ncha ya filamu iliyoungua nyeusi ti, ikwaruze kwa sindano katikati na kwenye pembe nne, itie kwenye holda, fungua lenzi yote, uangalie mistari. Ikiwa kali katikati na upande wa kushoto, ikaoza kulia, bado. Yangu ilihitaji kipande cha kopo la soda chini ya skrubu moja. Hakipendezi, kinafanya kazi.

Nguzo hutikisika kichwa kikiwa juu kabisa. Nyumba yangu iko barabarani, bodaboda zikipita picha ya inchi 12 kwa 16 inaona. Nimeikaza ncha ya nguzo ukutani kwa kipande cha chuma cha rafu. Ukutani hapohapo, nyuma ya mashine, paka rangi nyeusi isiyong'aa, kwa sababu kichwa kinavuja mwanga kwenye matundu yake ya hewa, na ukuta mweupe huurudisha wote kwenye karatasi. Hili halimo kwenye sifa za muuzaji yeyote.

Kuhusu unyevu, watu wa Dodoma mnaweza kuruka aya hii. Huku pwani lenzi huota kuvu, nyuzi nyeupe kama za buibui ndani ya kioo. Belar ya mzee ilikuwa nayo. Kuvu changa hutoka kwa kufungua lenzi na kupangusa; kuvu kongwe hula ile rangi ya juu ya kioo, na hapo hakuna dawa. Lenzi zangu sasa zinalala kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko kikali pamoja na vifuko vya silika, ambavyo nikiona vimechoka navikausha. Msiweke mchele, jamani. Mchele una vumbi. Kondensa nazo zitoe kwa uangalifu ukizipangusa, na kumbuka zilivyokaa: matumbo yanatazamana, bapa ziko nje.

Mvukuto ulio juu ya lenzi ukaguliwe gizani: ingiza tochi ya simu ndani, zunguka nje ukitafuta nyota. Nilikuta mbili kwenye mkunjo, nikaziziba kwa gundi nyeusi ya mpira. Grisi ya zamani kwenye njia ya fokasi ilikuwa imegeuka nta. Nikaiondoa kwa spiriti, nikapaka nyembamba mpya. Usimwage mafuta ya cherehani kila mahali. Yatashuka kwenye kondensa.

Lenzi. Nilisema mbovu isikutishe, na sababu ni kwamba nyuzi za kufungia ni za milimita 39, zilezile za lenzi za EL-Nikkor, Componon na nyingine nyingi. Ukipiga 35 unahitaji ya milimita 50. Kwa 6 kwa 6, ya 75 au 80. Nimeweka EL-Nikkor 50 yenye tundu kubwa la f/2.8, nafanyia kazi tundu dogo la f/8, na kwa kweli ndiyo iliyobadilisha picha kuliko ukarabati wote. Fedha yako iende huko kabla ya kitu kingine chochote.

Kinachonikera: holda yenye vioo viwili huzaa miviringo ya rangi pale filamu inapogusa kioo, ndiyo maana natumia fremu tupu isiyo na kioo kwa 35. Kifaa cha kushikia karatasi hakikuja nayo. Filta nyekundu chini ya lenzi inalegea, hushuka yenyewe ukiwa umeisogeza pembeni.

Na kwa yule aliyeniuliza kama itamfaa kwa picha za rangi: kwa kichwa hiki cha kondensa, hapana. Tafuta yenye kichwa cha rangi, Meopta walitengeneza, na uwe na njia ya kushikilia joto la dawa palepale, kwa sababu dawa za rangi hazipendi joto linalopanda na kushuka.