Bango la wabunge wa Bunge la 12: sura zipo, tarehe haipo

Bei niliyotajiwa ilikuwa 10,000, tukapatana 7,000. Ni bango la ukutani, karatasi nzito, limepigwa lamineshini pande zote mbili, lina picha za wabunge wote wa Bunge la 12 na majina yao chini. Aliyeniuzia ni mmoja wa wale vijana wanaotembeza ramani za Tanzania, mabango ya marais na alfabeti za watoto. Mchapishaji simtaji. Nimelitundika saluni kwangu, Kibondo mjini, tangu mwanzoni mwa 2021 mpaka Bunge lilipovunjwa Agosti 2025, kwa hiyo nina haki ya kulisema.

Mimi ni kinyozi. Saluni ya kiume isiyo na kitu cha kubishania ukutani inanyoa na kuaga, hakuna anayekaa. Bango la Simba ninalo, la Yanga ninalo, lakini ubishi wa mpira unaisha kwa matusi. Huu wa wabunge unaisha kwa mtu kuinuka na shuka shingoni, nusu kichwa kimenyolewa, kwenda kuonyesha kwa kidole. Kibiashara limelipa. Hilo niliseme mapema kabla sijaanza kulikosoa.

Kwanza sifa zake. Aliyelipanga alijua Bunge letu linaundwaje, maana hakumwaga sura zote kwenye fungu moja. Sehemu kubwa ya juu ni wabunge wa majimbo 264, kimkoa, Bara kwanza kisha majimbo 50 ya Zanzibar. Chini yao kuna akina mama 113 wa viti maalumu. Halafu kona ya kulia wapo watano waliochaguliwa na Baraza la Wawakilishi Zanzibar, Mwanasheria Mkuu wa Serikali peke yake kwenye kisanduku, na mwisho visanduku kumi vya wabunge wa kuteuliwa na Rais. Jumlisha mwenyewe: 393. Wateja wangu wengi, na wamo waliosoma, walikuwa wanadhani kila mbunge ana jimbo. Mzee mmoja anayekuja kunyoa ndevu Ijumaa alibishana nami kwamba Mwanasheria Mkuu anaalikwa tu bungeni kama mgeni. Nikamwonyesha kisanduku. Akasema bango si Katiba. Wiki iliyofuata akaja akanyamaza, nikajua kuna mtu amemsomea ibara ya 66.

Kilichonifurahisha zaidi ni vile visanduku kumi. Mchapishaji hakuvijaza kwa uongo. Waliokuwa wameshateuliwa na Rais Magufuli wakati wa kuchapa aliwaweka, akina Humphrey Polepole na Dk. Dorothy Gwajima, na penye nafasi tupu akaweka kivuli cha kijivu kisicho na uso. Nimeulizwa sana "hawa wasio na sura ni nani?" na kila mara nimejibu vilevile: Rais amepewa nafasi zisizozidi kumi, anazijaza akitaka na muda anaotaka. Machi 31, 2021 Rais Samia akateua watatu kwa mpigo: Balozi Liberata Mulamula, Balozi Mbarouk Nassor Mbarouk na Dk. Bashiru Ally, ambaye alikuwa Katibu Mkuu Kiongozi kwa mwezi mmoja na siku chache tu. Septemba akaja Dk. Stergomena Tax, akapewa Wizara ya Ulinzi. Nikawa nakata picha kwenye magazeti ya wateja na kubandika kwa selotepu juu ya vile vivuli. Lamineshini yake, niwape haki yao, inashika selotepu vizuri na inabanduka bila kuchana rangi.

Sasa kasoro.

Rangi. Wamemzungushia kila mbunge fremu ya rangi ya chama chake, wazo zuri. Kijani cha CCM hakina shida. Kwa majimbo na viti maalumu ni 350, yaani 256 wa majimbo na 94 wa viti maalumu, ukiingia mlangoni unaona ukuta wa kijani. Tatizo ni kwa waliobaki. Nje ya CCM, kwa majimbo na viti maalumu hivyo hivyo, walikuwa 27 tu: CHADEMA 20, ACT-Wazalendo wanne, CUF watatu. Watu wachache namna hiyo ndio walihitaji rangi zinazopishana, lakini CHADEMA na CUF wamepewa bluu zinazofanana, na kwa jua la mchana linalopiga ukuta wangu, kufikia mwaka wa pili zilikuwa bluu moja. Aida Khenani wa Nkasi Kaskazini, mbunge pekee wa CHADEMA aliyeshinda jimbo nchi nzima, amegeuka CUF pale kwangu. Nimempigia mstari mwekundu kwa makapeni ili watu wasipotoke.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi. Bango halielezi kwa nini ACT na CUF hawana hata mama mmoja wa viti maalumu. Watu wanauliza: chama kina wabunge wanne, kingine mmoja wa jimbo, mbona huyu mwenye mmoja ndiye ana kumi na tisa? Mstari mmoja ungetosha: viti maalumu vinagawanywa kwa kura za ubunge za nchi nzima, na chama kisichofikisha asilimia 5 hakipati kitu. Nafasi ya kuandika mstari huo ilikuwepo. Wameweka tangazo la kuuza viwanja.

Na hao kumi na tisa wenyewe, jamani. Hapo ndipo mashine yangu imesimama mara nyingi. Bango limewaweka Halima Mdee na wenzake kumi na nane chini ya CHADEMA, fremu ya bluu, kama vile hakuna lililotokea. Waliapishwa na Spika Novemba 24, 2020, na siku tatu baadaye Kamati Kuu ya chama ikawafukuza uanachama ikisema haikuwapeleka. Mtaani wakaitwa Covid-19, na jina likaganda. Katiba inasema mbunge akikoma kuwa mwanachama wa chama chake anapoteza kiti; wao wakasema rufaa yao haijasikilizwa. Baraza Kuu la chama likaja kuikataa Mei 2022, wakaenda Mahakama Kuu, na viti wakavikalia mpaka Bunge linavunjwa. Tena si kukaa tu. Naghenjwa Kaboyoka aliongoza kamati ya hesabu za Serikali, ile PAC, na Mdee baadaye akaongoza ya hesabu za serikali za mitaa. Kamati hizo kwa desturi ni za upinzani, na upinzani wenyewe ulikuwa mdogo kiasi cha Bunge zima kukosa Kiongozi rasmi wa Kambi ya Upinzani. Ningekuwa mimi mchapishaji ningewawekea fremu ya bluu na nyota, na maelezo pembeni. Wateja wangu wa CHADEMA walitaka niwabandike karatasi nyeupe. Nilikataa. Waliapishwa, walikuwa wanasema "Mheshimiwa Spika" kwenye redio kila mkutano, siwezi kuwafuta kwa sababu ya hasira za mtu aliyekuja kupunguza nywele.

Mkoa wetu. Kigoma ina majimbo manane na bango limeyaweka yote, ingawa Muhambwe wameandika "Mhambwe" na Buyungu wameisukumia Kagera. Mtu wa Kakonko, wilaya lilipo jimbo la Buyungu, aliyeliona siku ya kwanza alicheka, wa pili alikasirika. Lakini shida hasa ilikuwa tarehe. Lilipofika Kibondo, mbunge wetu wa Muhambwe, Mhandisi Atashasta Nditiye, alikuwa ameshazikwa. Alifariki Februari 2021. Bango likamwonyesha anatabasamu. Mwezi uliofuata Rais Magufuli akafariki, Samia Suluhu Hassan akaapishwa, akamchagua Dk. Philip Mpango kuwa Makamu wa Rais, na Mpango alikuwa mbunge wa Buhigwe. Kwa hiyo kati ya sura nane za Kigoma, mbili zilikuwa si wabunge tena kabla gundi haijakauka. Uchaguzi mdogo wa majimbo yote mawili ukafanyika siku moja, Mei 16, 2021: huku kwetu akapita Dk. Florence Samizi, Buhigwe akapita Felix Kavejuru, wote CCM. Picha zao nilizipata kirahisi, vipeperushi vya kampeni vilikuwa vimejaa stendi.

Wazee wakiangalia safu ile ya Kigoma wanatikisa kichwa. Mwaka 2010 NCCR-Mageuzi ilibeba majimbo manne ya mkoa huu, letu likiwemo kwa Felix Mkosamali. Mwaka 2015 Zitto Kabwe aliipata Kigoma Mjini kwa tiketi ya ACT. Mwaka 2020, yote manane kijani. Kila mteja ana maelezo yake ya kwa nini, na mengine sitayaandika hapa.

Juu kabisa kuna picha tatu kubwa: Spika Job Ndugai katikati, Naibu wake Dk. Tulia Ackson kulia, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa kushoto, aliyeipata Ruangwa bila kupingwa. Bila kupingwa, lakini bango limemwandikia "alichaguliwa" sawa na aliyepigana mpaka usiku wa manane. Ndugai akajiuzulu uspika Januari 6, 2022 baada ya yale maneno yake ya kukosoa mikopo ya nchi. Akabaki mbunge wa Kongwa, kwa hiyo sura yake kule Dodoma iko sahihi na ya juu si sahihi. Februari 1 Tulia akachaguliwa kushika kiti, na Mussa Azzan Zungu wa Ilala akawa naibu. Ningeweza kubandika, lakini picha za juu ni kubwa kama sahani na gazeti halitoi picha ya ukubwa huo. Nikachora mshale kwa makapeni kutoka kwa Tulia kwenda katikati. Mshale ule umeulizwa kuliko kitu chochote, hasa Oktoba 2023 alipochaguliwa Rais wa Umoja wa Mabunge Duniani na watu wakataka niuongezee mwingine wa kutoka nje ya bango. Ndugai naye alifariki Agosti 2025, siku chache baada ya Bunge kuvunjwa.

Kisanduku cha Mwanasheria Mkuu kimekaliwa na watu watatu katika muhula huu mmoja: Profesa Adelardus Kilangi, akaja Jaji Dk. Eliezer Feleshi mwaka 2021, akaja Hamza Johari 2024. Bango lina Kilangi. Ushetu imebadilika, Ngorongoro imebadilika, Mbarali imebadilika, zote kwa misiba. Konde ya Pemba ndiyo ilinichosha: Khatib Said Haji wa ACT alifariki Mei 2021, Julai akatangazwa mshindi wa CCM, kabla hajaapa akajiondoa, uchaguzi ukarudiwa Oktoba na kiti kikarudi ACT. Kwenye bango langu Konde ina tabaka za selotepu kuliko jimbo lolote, na katika wote hao niliowabandika mmoja hakuwahi kuapishwa.

Haya yote si kosa la mchapishaji; watu wanafariki, wanateuliwa, wanajiuzulu, na karatasi haiwezi kujua. Kosa lake ni kutoandika popote kwamba orodha hii ni ya tarehe fulani. Nimelipekua mpaka nyuma. Limeandikwa "Bunge la 12, 2020–2025", basi. Mtoto wa shule akija kunakili kwa kazi ya Uraia, na wamekuja, anaandika kwamba Nditiye alikuwa mbunge wa Muhambwe mpaka 2025, na mwalimu anampa kosa ambalo ni la bango. Maneno mawili, "hadi Januari" au mwezi wowote waliofunga orodha, yangelifanya liwe la kuaminika mpaka leo kama kumbukumbu ya siku ile.

Nalipa nyota tatu kati ya tano. Moja ya ubora wa karatasi na lamineshini, moja ya kupanga wabunge kwa mlango walioingilia, moja ya vile vivuli vya kijivu. Kwa saluni, kijiwe cha kahawa au ofisi ya kata, linafaa. Kwa darasa, lifanyieni kwanza masahihisho ya biki.

Vijana wa mabango watakuja tena na la Bunge la 13, la uchaguzi wa Oktoba 2025. Safari hii majimbo ni 272, yameongezwa manane, Uyole na Mtumba yakiwemo, kwa hiyo atakayetumia mpangilio wa zamani atajulikana haraka: tafuteni Uyole chini ya Mbeya, ikikosekana rudisheni. Angalieni Buyungu iko mkoa gani. Angalieni rangi za vyama vidogo kwenye mwanga wa nje, si ndani ya duka. Lenye tarehe nitalilipia hata 12,000 bila kupatana, ila silinunui lililochapwa wiki ya kuapishwa, kabla viti maalumu havijatulia.