Breath of the Wild na Return of the Obra Dinn: gemu mbili ambazo mchezaji hufika akiwa amechelewa

Wapenzi wa gemu za matukio wamegawanyika makundi mawili yasiyoelewana. Kuna wanaotaka dunia pana ya kuzurura, mlima ukiuona unaupanda, na kuna wanaotaka fumbo la kuwaumiza kichwa hadi wakose usingizi. Mimi nipo kotekote, ndiyo maana nimeamua kuzipambanisha gemu mbili ambazo kwa sura hazina undugu wowote: The Legend of Zelda: Breath of the Wild na Return of the Obra Dinn. Zote nimezimaliza. Moja naifungua mpaka leo, nyingine siwezi tena, na sababu yake nitaieleza huko mbele.

Breath of the Wild ni ya Nintendo. Ilitoka Machi 2017 kwenye mashine zake za gemu, Switch na Wii U, na mwaka huohuo ikachukua tuzo ya gemu bora ya mwaka katika The Game Awards. Inaonekana wazi kwamba fedha na mafundi havikuwa tatizo: misitu, jangwa, theluji, farasi wa kufuga, mvua inayonyesha bila taarifa. Obra Dinn ilitoka Oktoba 2018 na karibu yote ni kazi ya mtu mmoja, Lucas Pope, yuleyule aliyetutesa na mihuri ya mpakani kwenye gemu yake ya Papers, Please mwaka 2013. Picha zake zina rangi mbili tu, giza na mwanga, nukta kwa nukta, kama kioo cha kompyuta ya zamani. Mwonyeshe mtu picha za gemu hizi mbili bila maelezo, atakwambia zimepishana miaka thelathini.

Ila ukizicheza unagundua zimeanzia mahali pamoja: mambo yote makubwa yameshatokea kabla hujafika. Kwenye Zelda wewe ni Link, shujaa anayeamka pangoni baada ya usingizi wa miaka 100. Vita vilishapiganwa vikashindwa, mashujaa wanne waliokuwa upande wake wamekufa, na ufalme wa Hyrule umebaki magofu yaliyoota nyasi. Kwenye Obra Dinn wewe ni mkaguzi wa bima wa East India Company. Merikebu yenye jina hilo la Obra Dinn iliondoka London mwaka 1802 kuelekea Mashariki ikiwa na shehena ya zaidi ya tani 200, haikuonekana Rasi ya Tumaini Jema ilikosubiriwa, ikahesabiwa imepotea. Mwaka 1807 inajitokeza yenyewe bandarini Falmouth, Uingereza, matanga yameharibika na hakuna mtu hata mmoja sitahani. Kazi yako ni kupanda na kuandika kilichompata kila mmoja wa watu 60.

Kuanzia hapo zinaachana kabisa. Zelda inakwambia: nchi imeharibika, itengeneze utakavyo. Obra Dinn inakwambia: hakuna wa kuokolewa tena, ila usinidanganye. Ya kwanza inakubali karibu jibu lolote, ya pili haikubali ila lililo sahihi. Uzuri wa kila moja naona umetoka hapo, na kasoro zake pia.

Nianze na Zelda. Mwanzoni unafungiwa kwenye uwanda wa juu uliozungukwa na magenge, na mzee mmoja mwenye maneno mengi anakuhangaisha kwenye mahekalu manne, yaani vyumba vya mafumbo, kabla ya kukupa mwavuli wa kurukia. Hapohapo unapewa karibu kila uwezo utakaoutumia hadi mwisho: mabomu, sumaku, kugandisha kitu kwa muda, na kuinua nguzo za barafu kutoka majini. Ukishapata mwavuli, ruka, nenda unakotaka. Ukiamua kwenda moja kwa moja kwenye kasri la Ganon, adui mkuu, ukiwa na nguo za kuazima na rungu la mti, hakuna atakayekuzuia. Utachakazwa, lakini hiyo ni shauri yako.

Ninachoipendea si ukubwa wa ramani. Ramani kubwa siku hizi kila gemu inayo. Ninachoipendea ni kwamba vitu vyake vina tabia, na tabia hiyo haigeuki geuki. Moto unaunguza nyasi, nyasi zikiwaka hewa ya moto inapanda, hewa ikipanda unafungua mwavuli na kuinuka nayo, na ukiwa huko juu ukivuta upinde muda unapunguza mwendo ukalenga kwa raha zako. Hakuna aliyekufundisha mfululizo huo, umeunganisha mwenyewe. Radi nayo inapenda chuma: ngurumo zikianza, upanga wa chuma ulio mgongoni unatoa cheche, na usipouvua haraka umekwisha. Mchezaji wa kawaida anauvua. Mwenye roho mbaya anauacha katikati ya kambi ya Bokoblin, wale maadui wa kila siku, anasogea pembeni na kusubiri mbingu zimfanyie kazi.

Kuna mahekalu ya umeme ambamo unatakiwa kusogeza vipande vya chuma kwa sumaku hadi mkondo ufike mlangoni. Katika mojawapo nilihangaika na kipande kile hadi nikachoka, nikafungua mkoba, nikatandaza panga na ngao zangu sakafuni, ncha kwa ncha, kutoka kwenye chanzo cha umeme hadi kwenye swichi. Mlango ukafunguka. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Gemu nyingine ingenitolea ujumbe kwamba hiyo siyo njia. Hii ilinipitisha bila swali, kwa sababu kwake chuma ni chuma, kiwe cha fumbo au cha mkoba wangu.

Sehemu bora kuliko zote, kwa maoni yangu, ni kisiwa cha Eventide, kule mwisho kabisa wa kusini-mashariki. Ukikanyaga mchanga wake unanyang'anywa kila ulichokuja nacho: silaha, nguo, chakula. Unabaki kuokota matawi na uyoga, kunyatia maadui waliolala ili uwaibie pinde, kuwasha moto upike. Ndipo unajua kama ulijifunza kweli au ulikuwa unabebwa na upanga mzuri. Cha ajabu, mtu anaweza kuimaliza gemu bila kukiona kisiwa hicho.

Lawama kubwa ya watu ni silaha kuvunjika. Naitetea nusu. Zisingevunjika ungeshika moja nzuri ukasahau zote, na ile hila ya radi usingeifikiria kamwe. Nusu nyingine nawaachia wanaolalamika, maana kupigana na jitu moja na kumaliza panga tatu juu yake kunachosha. Mvua ndiyo isiyo na utetezi: umepanda jabali hadi karibu na kilele, duara la kijani la pumzi bado limejaa, mawingu yanakuja, unaanza kuteleza. Na mahekalu 120 yenye kuta zilezile na muziki uleule yanafika mahali yanachanganyikana kichwani. Zile mbegu 900 za Korok, vijipepo vya msituni, zilizofichwa chini ya mawe na juu ya miti sizihesabu kama kazi ya kumaliza. Waliotengeneza wenyewe wanajua, ndiyo maana zawadi ya kuzikusanya zote ni utani mtupu.

Sasa Obra Dinn. Unapanda ngazi ukiwa peke yako, na mkononi una vitu viwili: kitabu, na saa ya mfukoni yenye fuvu. Ukikuta mabaki ya mtu, saa inakurudisha kwenye nukta aliyokata roho. Kwanza ni giza na sauti: mtu anafoka, mlango unagongwa, mlio wa bastola. Halafu tukio linafunguka mbele yako likiwa limeganda. Moshi umesimama hewani, wimbi limesimama juu ya ukingo, mtu ameachama katikati ya ukelele. Unatembea humo ndani, unachungulia nyuma ya kila mmoja, unaangalia nani alikuwa karibu na nani alikuwa anakimbia. Kisha kitabu kinakuuliza maswali yake: huyu ni nani, alikufaje, na kama aliuawa, na nani?

Kitabu kina orodha ya watu wote yenye namba, jina, kazi na nchi ya asili. Kina michoro ya nyuso zao iliyochorwa na msanii aliyekuwa safarini nao, na ramani ya sitaha moja moja. Kisicho nacho ni kiungo: hakuna sura iliyobandikwa jina. Sura ya mtu inabaki na ukungu hadi ushahidi wa kutosha uwe umeshaupitia machoni, hata kama hujajua kwamba umeupitia. Huo ndio ukatili wake mtamu. Ukungu ukitoka, maana yake jibu ulishalitazama ukalipita.

Nitatoa mfano mmoja tu, mingine utaitafuta mwenyewe. Kuna tukio ambalo nyuma yake mabaharia wamelala kwenye machela. Macho yanakimbilia anayekufa, ndivyo tulivyo. Nilipoacha kumtazama yeye na kuanza kutazama vitu, nikaona kila machela ina kibandiko cha namba. Namba kwenye machela, namba kwenye orodha. Hapo nikarudia merikebu nzima upya, safari hii natazama viatu, pete, michoro ya mwilini, nani anakula meza moja na nani, nani anamwita nani kwa cheo chake, na lafudhi ya kila anayeongea gizani.

Uthibitisho unakuja kwa watu watatu watatu. Ukipatia watatu kikamilifu, kitabu kinageuza mwandiko wako kuwa chapa na kukwambia uko sahihi. Hii ni akili kubwa, kwa sababu ukijaza kwa kubahatisha hujui kati ya yote uliyoandika lipi ndilo linalokuangusha. Mwanya upo: ukiwa na uhakika na wawili, wa tatu unaweza kumzungushia majina hadi likubalike, na kwa baadhi ya mabaharia wa kawaida, ambao dalili zao ni kiduchu, wengi hufanya hivyo. Pia kuna usumbufu ambao sijaumaliza kuusamehe. Ukitaka kurudia tukio, kitabu hakikupeleki. Unatembea hadi kwenye mabaki yenyewe, na mara nyingine unapitia kifo kimoja ili ufikie kingine. Ukiwa umebakiza watu wachache ni kupanda na kushuka ngazi tu.

Lakini hebu niseme kitu ambacho Zelda, pamoja na utajiri wake wote, haikunipa. Mashujaa wanne wa Hyrule wameandikiwa vipande vizuri, na Link anapokwenda kwenye sehemu zilizo katika picha 12 za zamani anazotembea nazo anakumbuka yaliyopita, muziki unalia, unaambiwa huzunika. Unahuzunika kidogo, unarudi kuwinda nguruwe. Kwenye Obra Dinn hakuna anayekuomba huzuni. Wewe ni wa bima, unajaza fomu. Ila ili kumjua sarahangi, mpishi au kijana wa kazi za sitahani, umemtafuta kwenye pembe za matukio ya watu wengine: hapa anabeba kamba, pale anacheka, kule amejificha. Siku unapofika kwenye kifo chake tayari ni mtu wako. Sijui gemu nyingine iliyonifanya nimwonee uchungu mtu ambaye hata jina lake lilitoka kwa kukokotoa.

Na Zelda ina yake ambayo Obra Dinn haiwezi hata kuigusa: raha ya mwili. Kuruka kutoka juu ya mnara, upepo ukilia, ukiamua ukiwa hewani ushukie wapi. Vinanda vinavyodondosha noti moja moja kisha vinanyamaza usikie nyasi. Obra Dinn haina raha hiyo. Mkaguzi wake anatembea kama mkaguzi.

Watu wa tuzo za BAFTA za Uingereza waliipa Obra Dinn tuzo ya ubunifu wa gemu mwaka 2019, pamoja na ile ya sanaa, na nakubaliana nao. Ukiniuliza ipi imeundwa vizuri zaidi, ni hiyo bila kusita: hakuna kilichowekwa ili kujaza nafasi. Lakini ndiyo hiyo nisiyoweza kuifungua tena. Nikiingia najua kila mtu ni nani, na gemu nzima ilikuwa ni kutojua. Zelda naanza upya kila nikijisikia, na kila mara natokea upande ambao sikuwahi kupita.

Kwa anayetaka kuanza: hakuna kati ya hizi yenye Kiswahili. Zelda utaimudu hata kwa Kiingereza cha kuungaunga. Obra Dinn inategemea maneno na lafudhi, na msamiati wake ni wa mabaharia wa zamani, ingawa kitabu kina faharasa ya kukusaidia. Vaa hedifoni, weka karatasi na kalamu karibu, na usitafute majibu mtandaoni hata ukikwama namna gani, kwa sababu hutapata nafasi ya pili. Kwenye Zelda, ukishashuka kutoka uwandani ingia kwenye mipangilio, chagua muonekano wa Pro ili ile ramani ndogo ya pembeni iondoke. Na usirukie Tears of the Kingdom, mwendelezo wake wa 2023, kwanza eti kwa kuwa ni mpya. Ile inakurudisha Hyrule ileile, na nusu ya utamu wake ni kukuta sehemu uliyoizoea imegeuzwa.