Kabla Hujanunua Mkoba wa Jina Kubwa: Coach, Longchamp na Ngozi ya Mbuta Katika Siku Zangu za Kisumu

Hamjambo nyote, karibuni tena. Leo meza imejaa. Nina mikoba mitatu hapa mbele yenu. Huu wa kahawia ni Coach. Huu wa buluu uliokunjwa kama bahasha ni Longchamp. Na hiki kidogo chenye alama za magamba ni kipochi cha ngozi ya mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwani, kimetengenezwa hapa hapa Kisumu. Yote nimeitumia mwenyewe, hakuna niliouazima ili niurekodi. Lakini kabla ya kuuchambua hata mmoja, nataka nimwage mezani nilichotoka nacho kazini leo.

Angalieni. Simu, chaja, funguo, pesa. Leso. Mwavuli. Chupa ya maji ya nusu lita. Mkebe wa chakula. Na madaftari ishirini na mawili ya kidato cha pili, ambayo lazima niyasahihishe kabla sijalala. Hii ndiyo siku yangu, dada zangu, na hii ndiyo inayochagua mkoba. Mwanzoni sikulijua hilo. Nilikuwa nikiona mkoba mzuri kwa mtu, nautafuta, naununua, halafu natembea nao huku mkono mwingine umebeba mfuko wa madaftari.

Jumapili iliyopita nilikuwa soko la Kibuye, nikamwomba mama mmoja muuza nyanya anipimie Coach hii kwenye mizani yake. Ikiwa tupu, kilo moja na robo. Tukarudisha ndani vitu vyangu vilivyoingia: kilo nne na nusu. Akaniangalia akasema, "Mwalimu, huo ni uzito wa mtoto mchanga na nguo zake." Nikaweka Longchamp. Mshale haukufika nusu kilo. Sasa fikirieni tofauti hiyo ikining'inia kwenye bega moja kutoka stejini Kondele hadi darasani, siku tano kwa wiki. Uzito hauonekani kwenye picha, na ndiyo sababu mikoba mingi ya bei kali huishia juu ya kabati.

Watu hunitumia ujumbe wakiuliza, "Ninunue jina gani?" Mimi huwauliza: unasafiri kwa nini? Ukipanda boda kila siku, unahitaji mkanda mrefu unaopita kifuani, mkoba ukae mbele yako, kati yako na dereva. Mkoba wa kushika mkononi kwenye boda ni mwaliko kwa mnyang'anyi, na ukiukumbatia huna mkono wa kujishikilia. Ukiwa wa matatu, zipu iwe ya kufunga kabisa, si kifungo kimoja cha sumaku katikati. Mwenye gari lake ndiye anayeweza kuchagua umbo lolote.

Na wala si fikra zangu tu. Hata mikoba inayouzwa bei ya kiwanja ilianza na shida ya mtu. Mwaka 1984 Jane Birkin, mwigizaji na mwimbaji, alikuwa kwenye ndege kutoka Paris kwenda London. Vitu vyake vikamwagika, na aliyeketi kando yake alikuwa Jean-Louis Dumas, mkuu wa Hermès, kampuni ya mikoba ya bei kali. Akamwambia hapati mkoba unaomtosha mama mwenye mtoto. Mkoba wa Birkin ukazaliwa hapo. Mkoba wake wa kwanza ulipigwa mnada Paris Julai 2025 kwa zaidi ya yuro milioni 8, na haukuwa wa kung'aa: ulikuwa umekwaruzika, una alama za vibandiko alivyokuwa akivibandika, na kikata kucha chake bado kinaning'inia ndani. Mama yule alikuwa akiutumia kweli. Miaka mingi kabla yake, Februari 1955, Coco Chanel alitoa mkoba uitwao 2.55 wenye mkanda wa mnyororo kwa sababu alichoka kushika pochi mkononi.

Haya, tuanze na Coach.

Hii niliipata Kibuye kwenye mitumba, shilingi 1,800, baada ya kubishana karibu robo saa. Coach ilianza mwaka 1941 kama karakana ndogo ya familia huko New York, na ngozi iliyowapa sifa ni ile iliyolainishwa kwa namna ya glavu za besiboli: nene, lakini inazidi kulegea kadiri inavyoshikwa. Sogeeni karibu na kamera. Mnaiona hapa penye kona? Imekwaruzika, lakini haijabambuka. Mkwaruzo wa ngozi halisi unausugua kwa kidole na nusu yake inapotea.

Nafungua. Ndani haina bitana. Coach nyingi za zamani ziko hivi, unaugusa upande wa ndani wa ngozi yenyewe, laini kama sikio la ndama. Mimi naupenda sana uamuzi huu. Bitana ndiyo huchanika kwanza, na kalamu hupotea humo wiki nzima. Na hiki kifungio cha shaba cha kuzungusha ni kazi ya Bonnie Cashin, mbunifu aliyeingia Coach mwaka 1962. Alikiona kifungio cha aina hii kwenye paa la gari lake la kufunguka juu, akakileta kwenye mkoba. Sikilizeni. Tk. Mkono mmoja tu, hata nikiwa nimeshika chaki.

Ubaya wake? Uzito, nimeshausema. Na mkebe wa chakula na madaftari haviingii pamoja. Lazima mojawapo libaki nje. Kwa hiyo Coach naibeba siku zisizo na madaftari.

Sasa nisimame hapa kidogo kuhusu ngozi, kwa sababu hapa ndipo pesa zetu nyingi hupotelea.

Miaka michache iliyopita niliagiza mkoba mtandaoni kwa muuzaji mmoja aliyeniandikia kwa maneno yake kwamba ni ngozi halisi. Shilingi 6,500, pesa niliyoiweka kidogo kidogo. Ulikuja mzuri kupita kiasi. Msimu wa mvua wa pili nikautoa kabatini, ukanata mkononi kama peremende iliyolambwa, na vipande vyeusi vikabaki kwenye blauzi yangu nyeupe. Muuzaji hakujibu tena. Iliniuma sana, na sitaki imuume mtu mwingine, kwa hiyo nieleze kilichotokea. Ule ulikuwa kitambaa kilichopakwa poliurethani juu. Unyevu wa hewani huivunja poliurethani polepole, hata kama mkoba umekaa tu bila kutumika. Nasi tunaishi kando ya ziwa, joto na unyevu mwaka mzima. Mkoba wa namna hiyo uliotunzwa miaka kumi kwenye nyumba kavu ya Ulaya unaweza kufika Kibuye ukiwa unang'aa, kisha ukakufia mkononi ndani ya miezi michache. Hata majina makubwa yana ugonjwa huu: mikoba kadhaa ya zamani ya Gucci na Louis Vuitton, bitana yake ya ndani hunata na kubanduka. Kwa hiyo ukiokota ya zamani, tia mkono hadi chini kabisa, sugua mifuko ya ndani, halafu angalia vidole vyako.

Kujua ngozi, usihangaike na kiberiti, utaharibu mali ya watu. Angalia tundu la mkanda. Pale palipotobolewa, ngozi halisi inaonyesha nyuzinyuzi zilizosokotana. Reksini, yaani ngozi bandia, inaonyesha tabaka la plastiki na kitambaa chini yake. Halafu bonyeza kwa dole gumba. Ngozi inajikunja mikunjo midogo kuzunguka kidole. Reksini inabonyea tu kama mpira.

Jambo moja kuhusu Louis Vuitton, maana najua mtauliza. Ile yenye herufi L na V na maua, mchoro wa tangu mwaka 1896, mwili wake si ngozi. Ni turubai la pamba lililopakwa plastiki, na ni imara kweli. Mikono na kingo ndizo ngozi, na ngozi ile haikutiwa kinga. Inakuja na rangi ya maziwa, inageuka asali kwa jua na jasho la mikono, na tone la mvua linaacha doa. Aprili ya Kisumu mnaijua. Kama roho yako iko kwa jina hilo, chukua ile ya miraba ya kahawia, Damier Ebène, ambayo mikono yake ni ngozi ya kahawia iliyotiwa kinga. Neverfull, mmoja wa mikoba yao mikubwa, ikiwa mpya ni zaidi ya dola 1,500. Ukilipa hizo halafu unakimbia kila ukiona wingu, mkoba unakutumikisha wewe.

Longchamp sasa. Hii inaitwa Le Pliage, ilitoka mwaka 1993. Ni nailoni, na kifuniko na mikono ni ngozi. Inakunjwa hivi... hivi... halafu unabana kifungo, na inabaki kubwa kidogo kuliko bahasha. Mpya inapita dola 100. Hii aliniletea shangazi yangu akitoka Ufaransa kumtembelea mwanawe, na ni mwaka wa nne sasa.

Tangu majuala ya plastiki yapigwe marufuku Agosti 2017, mimi siendi popote bila mfuko wa akiba, na huu ndio. Asubuhi umekunjwa ndani ya mkoba mwingine. Jioni napita sokoni unabeba sukuma, unga na samaki aliyefungwa vizuri. Mvua ikinyesha nailoni inafutwa tu. Madaftari yote ishirini na mawili yanaingia, na mkebe wa chakula juu yake.

Lakini tazameni kona hizi za chini. Mmeona mwanga unapenya? Kila Le Pliage niliyoiona huanza kutoboka hapa. Nimempa fundi wa viatu akatia kiraka cha ngozi kwa ndani, shilingi 200, na imetulia. Pia haina umbo. Ukiiweka chini inalala, na funguo zinazama. Na huu wangu hauna mkanda mrefu, kwa hiyo kwenye boda haunifai kabisa. Ni mkoba wa kazi nyingi, ila si wa kila njia.

Haya, kipochi changu cha mbuta. Hiki kinanigusa moyo. Mnajua mbuta wetu: minofu inapakiwa kwenda ng'ambo, mgongowazi, yaani mifupa inayobaki, unakaangwa mtaa wa Obunga, na ngozi ilikuwa ya kutupwa. Sasa kuna watu hapa mjini wanaitengeneza ikawa ngozi ya viatu na mikoba. Pitisheni macho taratibu: kila kitundu hapa ndipo gamba lilipokaa, na makali yake yanageukia upande mmoja, kwa hiyo ukipapasa huku ni laini na huku kunakwaruza kidogo. Hakuna mashine iliyochapisha hii, na hakuna kipochi kingine kitakachofanana na hiki. Hainuki, nimeshaulizwa mara mia. Kwa sababu ngozi ya samaki ni ndogo, vipande vinaunganishwa. Tazameni mshono unaopita katikati, umelala sawa kama mstari wa rula. Nilinunua kwa shilingi 2,500. Zipu ilikuwa dhaifu, ikakwama wiki ya pili, fundi akanibadilishia ya chuma kwa 150. Waliotengeneza wangeanza na zipu nzuri, ngozi hii inastahili.

Nilikibeba kwenye harusi Siaya mwezi uliopita. Mle ukumbini kulikuwa na Chanel tano au sita, nyingi zao feki, na mama mmoja aliyevaa vizuri kuliko sote aliniuliza kipochi changu kinatoka wapi.

Kuhusu hizo feki nitasema wazi. Kuuza bidhaa bandia ni kosa kisheria Kenya tangu sheria ya 2008, na mnunuzi ndiye anayeumia, kwa sababu pesa yote imelipia nembo na hakuna iliyobaki kwa uzi na zipu. Msitulizwe na namba iliyopigwa ndani. Anayeiga anapiga namba moja kwenye mikoba elfu. Angalieni mshono, vuteni zipu mara kumi, inueni uzito wa vyuma. Kwa elfu nne za Chanel bandia ungepata ngozi halisi ya fundi wa hapa na chenji ya nauli.

Utunzaji kidogo. Msihifadhi ngozi ndani ya plastiki, hasa huku kwetu, itaota ukungu. Foronya ya pamba inatosha, na ndani jazeni leso kuukuu, si magazeti, wino unahamia. Ukungu ukitokea, futa kwa kitambaa kikavu, anika kivulini penye upepo. Na rangi ya viatu ya Kiwi ni ya viatu. Ukiipaka mkoba, gauni lako litaibeba.

Kuna aliyeniuliza wiki jana: nina elfu tatu tu, nifanye nini? Nenda Kibuye Jumapili, ufike mapema marobota yanapofunguliwa. Muuzaji akikuambia "hii ni kamera" ana maana ni chaguo la kwanza, na bei yake inapanda, lakini ndizo zenye zipu nzima. Beba tepu ya fundi nguo na vitu vyako vya kila siku, uviingize palepale mbele yake. Mimi ninarudi Jumapili hii. Binamu yangu anaanza kazi ya ofisini Siaya, anahitaji ngozi halisi, mkanda wa kupita kifuani, na upana wa sentimita 36 ili kompyuta yake iingie ikiwa imelala. Tepu nimeshaiweka kwenye Coach. Tutaona robota litatupa nini.